Kiharusi: NLR na CRP zinaweza kusema mgonjwa atapona kiasi gani?

Tabibu_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Nipo wodi ya wagonjwa wa ndani hapa Kigoma, na swali langu ni kwa wanaoshughulika na kiharusi kila siku.

Siku hizi kuna maandiko mengi yanayosema vipimo vya mchochota kwenye damu, yaani inflamesheni, vinaonyesha mapema nani atapata nafuu na nani atabaki kitandani. Wanataja uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu (NLR), CRP (protini ya damu inayopanda kukiwa na mchochota), ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye mrija) na IL-6 (kemikali ya mwili inayochochea mchochota). IL-6 hatuna. Tulivyo navyo ni mashine ya FBP (hesabu kamili ya chembe za damu), CRP ya leteksi (kitendanishi cha matone kinachosomwa kwa macho) na ESR ya mrija.

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 58, presha ya muda mrefu, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayatoki, NIHSS (alama za ukali wa kiharusi) 17. Amefika saa 14 tangu dalili zianze. CT (picha ya ubongo) inaonyesha mshipa umeziba, hakuna damu iliyovuja. FBP: chembe nyeupe 9.8, nyutrofili 78%, limfosaiti 14%. CRP ya leteksi chanya mpaka 1:2 (seramu ikipunguzwa mara mbili).

Je, hapo NLR inasema nini? Nirudie kipimo lini? Ikipanda, kuna dawa ya kuishusha? Na ndugu wanaouliza kila asubuhi "Daktari, mzee wetu atatembea?" niwajibu kwa kutazama namba hizi au nitazame kitu kingine?

Naomba kuwasilisha.

Dkt_Cheyo (Tabora)

Tabibu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito. Usitumie NLR wala CRP kuwaambia ndugu kama mzee atatembea. Zitumie kuwinda maambukizi. Hapo ndipo zinapofanya kazi ya maana wodini.

Sababu iko kwenye namna zinavyopanda. Mshipa ukiziba, tishu ya ubongo inayokufa inatoa ishara, na nyutrofili zinamiminika kwenye damu ndani ya saa chache. Wakati huohuo mwili uko kwenye mshtuko, kotisoli na adrenalini ziko juu, na limfosaiti zinashuka. Kwa hiyo NLR inasukumwa pande zote mbili: namba ya juu inaongezeka na ya chini inapungua. CRP yenyewe inatengenezwa na ini kwa amri ya IL-6. Inaanza kupanda kati ya saa 6 na 12, inafika kilele karibu siku ya pili, na chanzo kikiisha inapungua nusu kila baada ya saa 19 hivi.

Sasa, jeraha kubwa la ubongo linaleta NLR kubwa, na jeraha hilohilo kubwa ndilo linaloleta ulemavu mkubwa. Tafiti nyingi zimeonyesha kweli kwamba wenye NLR ya juu siku za mwanzo huwa na hali mbaya zaidi baada ya miezi 3, hupata nimonia zaidi, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu huvuja damu zaidi. Lakini ukishajua umri na NIHSS ya mgonjwa, umeshabeba sehemu kubwa ya utabiri huo. Mzee wako ana NIHSS 17. NLR yake ni 78 ugawe kwa 14, yaani 5.6. Ingekuwa 4 au ingekuwa 7, usingebadilisha chochote kwenye matibabu yake ya siku hiyo. Wala hakuna kiwango kimoja cha kukatia kinachokubalika: machapisho mengi yanaangukia kati ya 3 na 6, kila moja kwa wagonjwa wake na kwa saa yake ya kuchukua damu. Kiwango kinachotenganisha makundi mawili ya watu mia tano hakitenganishi watu wawili waliolala vitanda jirani.

Kuna sehemu moja ambayo sampuli ya kwanza inasema jambo kubwa, na wengi wanaipita. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Siyo saa aliyokutwa ameanguka. CRP ikiwa juu sana, tuseme 60 au 80 mg/L, na dalili zina saa 3 tu, kiharusi hakijapata muda wa kuipandisha hivyo. Kuna kitu kilikuwepo kabla. Sikiliza moyo: homa pamoja na mlio kwenye moyo na kiharusi ni endokaditisi (maambukizi ndani ya moyo) mpaka ithibitishwe vinginevyo, na damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Pima VVU na kaswende. Fikiria TB ya utando wa ubongo, hasa kwa kijana asiye na presha wala kisukari. Kwa huku kwetu magharibi, kipimo cha malaria kifanyike kwa kila mmoja, kwa sababu malaria peke yake inapandisha CRP. Kumbuka tu kwamba mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, hivyo ikiwa chanya omba na slaidi (damu itazamwe kwa hadubini).

Kuhusu kurudia: sampuli ya kwanza anapofika, ya pili siku ya 3. Baada ya hapo rudia pale hali inapobadilika, usipime kila asubuhi kwa mazoea. Unachotafuta ni mwelekeo. Kiharusi kisicho na maambukizi, CRP inafika kilele kisha inaanza kushuka. Ikishuka halafu ikainuka tena siku ya 4 au ya 5, ubongo umeshasema yake. Sasa ni kifua, mkojo, kidonda cha mgandamizo au mahali palipochomwa kanula (sindano ya dripu).

Dawa ya kushusha mchochota kwa ajili ya kiharusi hatuna, na njia hiyo imejaribiwa kwa bidii. Enlimomabu, dawa iliyozuia chembe nyeupe kushikamana na ukuta wa mshipa, iliwafanya wagonjwa kuwa na hali mbaya zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Kolkisini ilijaribiwa China kwa wagonjwa wenye CRP ya 2 mg/L au zaidi, utafiti wa CHANCE-3 uliotoka 2024, na haikupunguza viharusi vya kurudia ndani ya siku 90. Deksamethasoni usiguse: kwenye kiharusi haisaidii, inapandisha sukari, na juu ya hayo inaharibu hata hiyo NLR unayoitegemea, maana inaongeza nyutrofili kwenye damu na kupunguza limfosaiti. Mgonjwa akiwa ametokea kituo kingine, uliza kama alichomwa deksa kabla hujasoma FBP yake.

Na antibayotiki za kinga, "tumpe tu seftriaksoni asipate nimonia"? Utafiti wa PASS wa Uholanzi, 2015, uliwapa gramu 2 kila siku kwa siku 4. Miezi 3 baadaye hali yao haikuwa bora kuliko ya wasiopewa.

Maabara_Ngambo (Tabora)

Naongezea upande wa benchi, kwa sababu nusu ya NLR za ajabu zinazaliwa kwenye kichupa.

Damu iingie kichupa cha zambarau cha EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) mpaka alama, kisha kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Usikitikise. Kikijazwa nusu, EDTA inazidi damu na maumbo ya chembe yanabadilika. Chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikigandana, mashine inaweza kuzihesabu yale mafungu kama chembe nyeupe ndogo, na ndogo kwa mashine maana yake ni limfosaiti. NLR inashuka kwa uongo. Ukiona chembe sahani chache ghafla na limfosaiti nyingi kwa pamoja, omba slaidi itazamwe kabla hujaamini. Sampuli inayosafiri kutoka mbali, mathalani Nguruka au Sikonge, ifike na kupimwa ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isikae juani kwenye bodi ya pikipiki.

Pili, Tabibu, ujue mashine yako inagawa chembe nyeupe sehemu 3 au sehemu 5. Ya sehemu 3 inaandika LYM (limfosaiti), MID (chembe za kati) na GRAN (chembe zenye punje). GRAN si nyutrofili tupu. Eosinofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) nyingi zinaingia MID, nyingine zinaangukia GRAN, kutegemea mashine. Kwenye ukanda wa ziwa wenye kichocho na minyoo, eosinofili za juu ni jambo la kawaida, hivyo GRAN kugawa kwa LYM siyo NLR iliyoandikwa kwenye machapisho. MID ikiwa juu, tandaza slaidi nyembamba, paka rangi ya Giemsa au Leishman, hesabu chembe 200 kwa mkono. Ni dakika chache na unaona na wadudu wa malaria kama wapo.

Tatu, na hili naliona zito kuliko yote: watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana antijeni ya Duffy (protini fulani ya kurithi) kwenye chembe nyekundu, na nyutrofili zao ni chache kiasili bila ugonjwa wowote. Mtu wa namna hiyo akiwa mzima NLR yake inaweza kuwa 1 au chini ya hapo. Viwango vya kukatia vya 3 hadi 6 vimetoka zaidi Asia Mashariki na Ulaya. Ukivileta Kigoma kama vilivyo, mgonjwa aliyepanda kutoka 0.8 mpaka 2.8 utamwita "kawaida" ilhali amepanda mara tatu na nusu. Kwa upande mwingine, mwenye VVU asiyetumia dawa ana limfosaiti chache tangu mwanzo, na NLR yake inakuwa juu kabla kiharusi hakijatokea. Ndiyo maana namba ya pili ya mgonjwa yuleyule ina thamani kuliko namba ya kwanza ikilinganishwa na jedwali la kigeni.

CRP ya leteksi: kitendanishi kiache kifikie joto la chumba, tone la seramu na tone la leteksi, zungusha dakika 2, soma hapohapo. Ukichelewa, inakauka na kuonekana chanya. Kiti (pakiti za vitendanishi) nyingi zinaanza kuona kwenye 6 mg/L, lakini soma karatasi ya kiti yako. Ili kupata kiasi, punguza seramu kwa salini (maji ya chumvi): 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, kisha zidisha 6 kwa mchanganyiko wa mwisho uliokuwa chanya. Mzee wa mfano, chanya mpaka 1:2, ana karibu 12 mg/L. Ni makadirio ya ngazi, 12, 24, 48, 96. Tofauti ya ngazi moja inaweza kuwa ya macho ya msomaji tu. CRP ikiwa nyingi mno, seramu isiyopunguzwa inaweza kusomeka hasi, kwa hiyo mgonjwa mwenye homa akipata hasi, jaribu 1:8 pia. Na zile ngazi za 1 na 3 mg/L za hatari ya moyo hazisomeki kwa leteksi hata kidogo. Mwisho, angalia kipimio: maabara nyingine zinaandika mg/dL, na 4 ya huko ni 40 ya kwako.

ESR kwa utabiri wa kiharusi, achana nayo. Inapanda na kushuka polepole, upungufu wa damu unaipandisha, joto la chumba linaipandisha, mrija ukiinama kidogo tu inapanda. Ihifadhi kwa kijana unayemshuku TB au ugonjwa wa mishipa.

Fizio_Ujiji (Kigoma)

Habari Tabibu. Lile swali la ndugu, "atatembea?", lina jibu zuri kuliko la damu, na halina gharama. Liko kwenye vidole na kiuno cha mgonjwa, saa 72 tangu kiharusi.

Mkono: mwambie ainue bega kwenda pembeni, kisha anyooshe vidole. Asiyeelewa maneno, na huenda mzee wako ni mmoja wao, muonyeshe kwa mkono wako mwenyewe, akuige. Usimwandikie sifuri kwa sababu hajaelewa. Kila kimoja kipe alama 0 hadi 5 za nguvu ya misuli, jumlisha upate kati ya 0 na 10. Hii inaitwa alama ya SAFE, na ndiyo mlango wa mfumo wa PREP2 wa kutabiri kupona kwa mkono, uliotengenezwa New Zealand. Mwenye 5 au zaidi na umri chini ya miaka 80 anatarajiwa kupata mkono mzuri sana ndani ya miezi 3. Waholanzi nao walionyesha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza, siku ya 2, kunyoosha vidole walau kidogo na kuinua bega, uwezekano wa kurudisha ustadi fulani wa mkono kwa miezi 6 ni 98%. Asiyeweza vyote viwili, 25%.

Mguu: mkalishe ukingoni mwa kitanda bila kumshika. Akikaa sekunde 30, na mguu dhaifu ukaonyesha mkazo wa misuli, uwezekano wa kutembea bila kushikwa kwa miezi 6 ulikuwa 98% kwenye kundi hilohilo la Uholanzi. Wasioweza mapema, 27%. Wale walikuwa wagonjwa wa kiharusi cha kwanza cha kuziba, hivyo aliyevuja damu usimpe asilimia hizo kama zilivyo.

Angalia alama zenyewe zinavyopimwa. Kunyoosha vidole ni kwa mkono ulioegemezwa, kiganja kikitazama chini. Wengi wanampa mgonjwa kitu akishike, anafumbata, wanaandika "mkono unarudi". Kufumbata kunaweza kuwa ukakamavu tu. Kunyoosha ndiko kunakosema njia ya neva kutoka ubongoni ingali wazi.

Halafu ndugu wakatazwe kumvuta mzee kwa mkono dhaifu wanapomkalisha. Bega linachomoka taratibu na maumivu yake yanaharibu mazoezi ya miezi. Kukanda kwa maji ya moto pia, kwenye upande usiohisi ni kuunguza. Na mazoezi ya siku ya kwanza yawe mafupi. Utafiti wa AVERT wa 2015 ulionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mapema sana na kwa vipindi vizito ndani ya saa 24 kulipunguza waliopata nafuu nzuri.

Tabibu_Mwanga (Kigoma)

Asanteni sana wakuu, hili la Duffy sikuliona likitajwa popote kwenye maandiko ya NLR niliyosoma.

Niendeleze mfano uleule. Siku ya 4: joto 37.8, anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni 91%, sauti ina mkoromo wa maji. FBP: chembe nyeupe 13.2, nyutrofili 84%, limfosaiti 10%. CRP chanya mpaka 1:16. Eksirei ya kifua haionyeshi kitu. Ndugu wamekuwa wakimpa uji. Mnafanyaje?

Muuguzi_Gungu (Kigoma)

Tabibu, uji ndio wa kuanza nao. Sitisha kila kitu cha mdomoni sasa hivi, hata vidonge, hata aspirini. Weka mpira wa kulishia puani, na dawa zipite huko zikiwa zimesagwa.

Kipimo cha kumeza kilipaswa kufanyika kabla ya kijiko cha kwanza. Mgonjwa awe macho, akae wima. Safisha mdomo. Mpe maji kijiko kimoja cha chai, mara tatu, kila mara ukiangalia koo linapanda na kushuka. Kisha mwambie aseme "aaa". Akikohoa, sauti ikilowana, au maji yakitoka pembeni mwa mdomo, simama hapo. Akipita, mpe 90 ml anywe mfululizo, subiri dakika moja, sikiliza tena. Mgonjwa asiyekohoa siyo lazima awe salama, wapo ambao maji yanaingia kifuani kimya, ndiyo maana sauti na kupumua vinatazamwa pia.

Ndugu wanapenda uji mwepesi wa kunywesha wakidhani ni laini, na wanamnywesha amelala. Chepesi ndicho kinachokimbilia kwenye njia ya hewa. Atakaporuhusiwa kula, aanze na uji mzito wa kushika kijiko, kidogo kidogo, upande wenye nguvu wa mdomo, akiwa wima na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kagua shavu la upande dhaifu, chakula kinajificha humo.

Joto lichukuliwe kila saa 4, na 37.5 ni homa kwa mgonjwa huyu: parasetamoli na kutafuta chanzo. Sukari ikivuka 10 mmol/L ishughulikiwe. Utafiti wa QASC wa Australia, uliotoka 2011, ulikuwa ni mambo haya matatu tu, homa, sukari na kumeza, yakisimamiwa na wauguzi. Waliokufa au kubaki tegemezi kwa siku 90 walikuwa 42% badala ya 58%. Hakuna kipimo cha damu kilichohusika hapo zaidi ya tone la kidoleni.

Dkt_Cheyo (Tabora)

Sista amemaliza sehemu kubwa. Tabibu, NLR imetoka 5.6 mpaka 8.4 na CRP kutoka ngazi ya 12 mpaka 96, tena siku ambayo ilitakiwa iwe inashuka. Ukiunganisha na kupumua mara 26, oksijeni 91% na sauti ya maji, hiyo ni nimonia ya kiharusi. Inatokea ndani ya siku 7 za kwanza. Eksirei ya mapema inaweza kuwa safi, usiisubiri. Anza antibayotiki kwa mwongozo wa taifa wa matibabu, mpe oksijeni mpaka ifike 94% au zaidi, inua kichwa cha kitanda, na kama ana mpira wa mkojo usio na sababu, utoe leo na upeleke mkojo maabara.

Huyu alikuwa wa kumshuku tangu siku ya kwanza bila FBP. Alama za A2DS2 (za kukadiria hatari ya nimonia baada ya kiharusi): umri wa miaka 75 au zaidi, 1, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wa aina ya fibrilesheni, 1, shida ya kumeza, 2, mwanamume, 1, NIHSS 5 hadi 15, alama 3, na 16 kwenda juu, alama 5. Yeye ana 2 na 1 na 5, jumla 8 kati ya 10. Kuanzia 5 ni hatari kubwa.

CRP irudie saa 48 hadi 72 baada ya kuanza dawa. Ikishuka ngazi moja au mbili na kupumua kukatulia, dawa inafanya kazi. Ikibaki 96 au ikapanda, usiongeze antibayotiki kabla hujathibitisha kwamba mpira wa pua uko tumboni na kwamba hakuna anayempa uji usiku.